Msikiti uchangie jezi za mpira?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kuna kijana wa upande wa Handeni kaniandikia inboksi. Jina lake na kijiji chake nitavihifadhi, maana mengine aliyonieleza ni amana. Kwa ufupi anasema hivi: wameanzisha timu ya mpira, wameuomba msikiti wao uwachangie jezi na mipira miwili, na wazee wa kamati wamekataa. Wamesema mpira ni upuuzi na fedha ya msikiti haiendi kwenye upuuzi. Kijana anasema hakuanzisha timu kwa ajili ya upuuzi. Ameianzisha kwa sababu tangu zile vurugu za mashamba vijana wenzake hawako sawa. Kuna asiyelala usiku. Kuna aliyekuwa haongei na mtu, sasa anavuta bangi kutwa. Kuna mwingine akiona kundi la ng'ombe tu anatafuta panga. Anauliza: Sheikh, tukicheza mpira si tutapona?

Nilianza kumjibu kwa meseji nikaona haitoshi. Jibu lina mambo ya fiq'hi, lina mambo ya afya, na lina mambo yetu sisi wazee ambayo hayapendezi kuyasema. Kwa hiyo naliweka hapa, tulisome wote.

Nianze na la fedha, maana ni jepesi. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya msikiti inabaki kwa msikiti. Aliyetoa mfuko wa saruji kwa niya ya mihrabu usimgeuzie saruji yake ikawa soksi. Hapo wazee wako sahihi. Lakini usahihi huo si hoja ya kuwafukuza vijana. Tangazeni mchango mwingine, wenye jina lake wazi, anayetaka atoe. Watu wetu wakijua kinachochangiwa hawana ubakhili kiasi hicho. Jambo la fedha limekwisha.

Tatizo ni hilo neno la pili, "upuuzi". Huyu mzee anayesema hivyo namheshimu, lakini namuuliza: Wahabeshi walichezea wapi mikuki yao siku ya Iddi? Bukhari na Muslim wamepokea kuwa walicheza ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.), na Mtume mwenyewe akamsitiri Bi Aisha (r.a.) ili atazame mpaka achoke mwenyewe. Sayyidna Umar (r.a.) alipotaka kuwazuia aliambiwa awaache. Na huyo huyo Bi Aisha amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume safarini, akamshinda. Miaka ikapita, mwili ukaongezeka, wakashindana tena akashindwa yeye, na Mtume akamtania kuwa hii ni kwa ile. Haya yamo katika Abu Dawud. Na mbio za farasi alizoziandaa Mtume zilikuwa na mpangilio: farasi waliofanyishwa mazoezi walikimbia masafa marefu, kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, na ambao hawakufanyishwa mazoezi wakapewa masafa mafupi, kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Aliyepanga hivyo hakuwa anapuuza jambo.

Imamu Ghazali katika Ihyaa, anapozungumzia malezi ya watoto, amesema mtoto akitoka kusoma aachiwe acheze mchezo mwema, apumzike na uchovu wa masomo, kwa sababu kumnyima mchezo na kumbebesha masomo tu kunaufisha moyo wake. Sisi walimu wa madrasa tunaoshika fimbo kuanzia asubuhi mpaka Magharibi maneno haya huwa tunayaruka. Tunafungua ukurasa wa mbele.

Basi mchezo si upuuzi. Lakini kijana wangu hakuuliza kama mchezo unafaa. Ameuliza kama unaponya. Na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu siku hizi kila anayegombea udiwani anasema "michezo ni tiba", anagawa jezi, anapiga picha, anaondoka.

Kwanza tukubaliane ugonjwa wenyewe ni upi. Sisi wa Handeni, Kilindi, Korogwe na majirani zetu tunaishi katika ukanda ambao mkulima na mfugaji wamegombania ardhi na maji kwa miaka mingi. Mtu mzima yeyote wa huku anakumbuka Kilosa, Rudewa Mbuyuni, tarehe 8 Desemba 2000. Ilikuwa Ijumaa, tena mwezi wa Ramadhani. Watu 38 waliuawa. Januari 2014 damu ikamwagika Kiteto, ambako ni kuvuka mpaka tu kutoka Kilindi. Katikati ya hayo makubwa yaliyofika kwenye redio, yapo madogo yasiyohesabika: shamba la mahindi lililoliwa usiku mmoja, ng'ombe aliyekatwa mkia, mzee aliyepigwa rungu kisimani. Kuanzia Juni 2022 tumepokea pia ndugu waliohamia Msomera kutoka Ngorongoro, na kila mwenye macho anajua kwamba mgeni na mwenyeji wakipangwa kwenye ardhi moja, maneno hayakosi. Ongezeni na mambo yasiyohusu ng'ombe kabisa: mwizi wa pikipiki anayechomwa moto barabarani watoto wakitazama, ugomvi wa vijiwe, gongo, na kipigo ndani ya nyumba ambacho hakiandikwi popote.

Mtoto aliyeona mtu akikatwa panga hatoki pale alivyoingia. Anaweza asilie. Wengi wa watoto wetu hawalii, kwa sababu tumewaambia mwanaume halii. Lakini anashtuka mlango ukigongwa. Anakojoa kitandani naye ana miaka 13. Anakuwa mkali bila sababu. Darasani yupo lakini hayupo. Sisi tunasema ana kiburi, au ana jini. Kisomo tusome, Qur'ani ni shifaa na hilo halina mjadala kwangu. Lakini msidhani maradhi haya ni ya Wazungu wala ya kisasa. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 kwa hesabu ya Miladi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo alitenga hasira mahali pake, hofu mahali pake, huzuni mahali pake na wasiwasi mahali pake, na akawalaumu matabibu wanaoutibu mwili na kuisahau nafsi. Muislamu huyo, si Mzungu.

Na hata hapa kwetu. Ni wangapi kati yenu mnajua kwamba Lutindi, huko juu milimani katika wilaya yetu ya Korogwe, ndiko ilikoanza hospitali ya maradhi ya akili ya mwanzo katika Afrika Mashariki? Mahali hapo palianzishwa mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na mwaka 1904 pakageuzwa hospitali ya akili. Ni taasisi ya Walutheri na haki yao tuwape: kwa miaka mingi kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya tiba pale. Walielewa zamani kwamba mwili ukishughulishwa vizuri, nafsi nayo inapata pumzi. Siku hizi wataalamu wa tiba wanasema hivyo hivyo: mazoezi ya mwili yanapunguza dalili za sonona na yanasaidia usingizi. Kwa hiyo kijana wangu hakukosea kuhisi kwamba mpira unaweza kusaidia.

Sasa ngoja nikwambie habari ya Gulu.

Gulu iko kaskazini mwa Uganda, ndani ya eneo lililoteswa na vita vya Kony kwa karibu miaka 20, hadi bunduki ziliponyamaza mwaka 2006. Zaidi ya watu milioni moja waliishi makambini. Watoto walitekwa, wakabebeshwa silaha, wakalazimishwa kufanya mambo ambayo ulimi hauyatamki. Vita vilipokwisha watu wema walileta michezo, na miongoni mwao walikuwepo walioanzisha ligi ya mpira kwa watoto. Watafiti wakasema tuipime hii ligi, kama kweli inatibu. Wakawapima watoto zaidi ya 1,400. Katika waliojiandikisha, wengine walicheza na wengine kwa kura wakaambiwa wasubiri zamu yao. Baada ya msimu wakapimwa tena, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Binti yangu anayesomea ustawi wa jamii ndiye aliyenionesha na kunifafanulia, nami nikamrudisha aya kwa aya, maana sikuamini.

Kwa wasichana ligi haikubadilisha kitu kwenye afya ya akili. Kwa wavulana, waliocheza ligi walitoka wakiwa na hali mbaya zaidi ya sonona na wasiwasi kuliko wenzao ambao hawakucheza.

Soma tena. Waliocheza ndio walioumia.

Mimi ni mtu wa mpira, nimekua na Coastal Union, mwaka 1988 tulipochukua ubingwa wa nchi Tanga nzima haikulala. Habari hii haikunifurahisha. Lakini nilipoikalia nikaona inasema kweli ninayoijua. Kwa maoni yangu iko hivi: ligi ni mashindano. Mashindano yana mshindi mmoja na wengi walioshindwa. Mtoto mwenye nafsi nzima akifungwa anakasirika, anakula ugali, anasahau. Mtoto ambaye tayari anajiona hana thamani, ambaye usiku anajilaumu kwa nini alikimbia siku ile na kumwacha ndugu yake, huyo ukimfunga mbele ya kijiji kizima, watu wakamzomea, umemthibitishia yale yale aliyokuwa anajiambia gizani. Mpira wenyewe hauna kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyekuwa pale kumpokea.

Niliyaona haya kwa macho yangu kabla sijasikia utafiti wowote. Vijiji viwili, nisivitaje, kimoja zaidi ni cha wakulima na kingine zaidi ni cha wafugaji. Mfanyabiashara mmoja akatoa mbuzi, ikaitwa ligi ya amani. Fainali wakakutana hao hao. Dakika za mwisho ikatoka penalti, kipa wa upande mmoja akaruka kushoto, mpira ukaenda kulia. Kilichofuata mnakijua: mawe, fimbo, refa kakimbilia porini, kijana mmoja kajeruhiwa mkono. Ligi ya amani! Yule kipa alikuwa na miaka 16 na alikuwa mwanafunzi wa madrasa yetu. Wiki mbili hakuonekana. Nilipokwenda kwao mama yake akasema hali, hatoki. Nikakaa naye chini ya mwembe muda mrefu bila kusema kitu. Ndipo akaniambia kuwa watu wanasema ameuza mechi, na kwamba tangu siku ile kila akifumba macho anamuona baba yake mdogo, aliyekatwa panga shambani miaka mitatu kabla, na yeye akiwepo.

Miaka mitatu alikuwa amelibeba. Penalti moja ikalifungua.

Hapa ndipo mtu anaposema, basi Sheikh, tuache mpira kabisa. Hapana. Turudi kwa Mtume (s.a.w.) tuone alivyokuwa anafanya akiwepo uwanjani, maana sisi tunazipenda zile hadithi za kuruhusu mchezo na tunaziruka hizi zinazofuata.

Alikuwa na ngamia wake akiitwa Al-Adhbaa, hakuna aliyekuwa akimshinda. Akaja bedui na ngamia wake mdogo, akampita. Bukhari anasema jambo lile liliwaelemea Waislamu. Tazameni: Masahaba, watu bora wa ummah huu, waliumizwa na kushindwa kwa ngamia! Kwa hiyo mtoto wako akilia kwa kufungwa usimcheke. Mtume aliyaona yale maumivu kwenye nyuso zao na hakuyaacha yapite. Aliwaambia kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kuwa kitu chochote cha dunia hakinyanyuki ila atakishusha. Yaani pale pale, hasira ikiwa bado ya moto, mtu mzima anayeaminika akawapa maana ya kushindwa. Hakusubiri khutba ya Ijumaa.

Mara nyingine aliwapita watu wa kabila la Aslam wanashindana mishale. Akawatia moyo warushe, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mrusha mishale, na akasema yeye yuko na upande fulani. Upande wa pili wakaacha kurusha. Alipouliza, wakasema watarushaje naye yuko na wale? Akawaambia warushe, yeye yuko nao wote. Wallahi hadithi hii kila mwenyekiti wa kitongoji na kila imamu wa wilaya zetu angeisoma kabla hajakanyaga uwanjani. Vijana walikuwa tayari kuweka pinde chini kwa sababu mkubwa wao ameegemea upande mmoja. Na alipoliona hilo, akajirekebishia nafasi pale pale, mbele ya watu. Sasa sisi tunakwenda uwanjani tumevaa shali ya kijiji chetu, tunapiga kelele kuliko watoto, tunamtukana refa, halafu usiku tunaitisha kikao cha amani.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni hili: mpira peke yake haukuponyi, na jezi ndiyo kabisa. Kinachomponya kijana, kwa idhini ya Allah, ni mtu mzima anayemjua jina, anayeona leo hayuko sawa, anayebaki naye filimbi ikishapulizwa. Mpira unakupa sababu ya kukutana naye mara tatu kwa wiki bila yeye kuona haya. Kijana wa miaka 17 hawezi kuja kwako akasema nina huzuni. Anaweza kuja kusema kiatu kimechanika.

Na timu zichanganywe. Hili nalo lina ushahidi. Iraq, baada ya kundi la Daesh kufurushwa, mtafiti aitwaye Salma Mousa alifuatilia ligi ya mpira ya Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao. Baadhi ya timu zilibaki za Wakristo watupu, nyingine kwa kura zikaongezewa wachezaji Waislamu. Matokeo yalitoka mwaka 2020: waliochezeshwa timu moja na Waislamu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kufanya mazoezi na Waislamu miezi sita baadaye, na wa kumpigia kura ya nidhamu bora mchezaji Muislamu wa timu nyingine. Lakini uhusiano ule haukuvuka sana nje ya uwanja. Kwa Muislamu asiyemjua, wa mjini, moyo wa mchezaji ulibaki pale pale. Sawa. Mimi hicho kidogo nakitaka. Kwenye kijiji chenye watu 2,000, ukishawajua wenzako wa uwanjani umejua nusu ya wale ambao ungekuja kupigana nao kisimani.

Ona tofauti na ile ligi ya mbuzi: wao waliweka wakulima timu moja na wafugaji timu nyingine, wakawapa mbuzi wamgombanie. Waliwapangia vita kwa dakika 90. Ingekuwa kila timu ina wa huku na wa kule, kipa Mzigua na beki Mmasai, penalti ikikosewa wa kulaumiwa na wa kutetewa wangekuwa wamevaa rangi moja.

Na nikigusia mbuzi, niseme la sheria kwa haraka. Kila timu ikitoa kiingilio, na zawadi ya mshindi ikanunuliwa kwa viingilio hivyo, hiyo ni kamari hata mkiipa jina la amani. Zawadi itoke kwa mtu asiyeshindana, na hapo napo wanazuoni wana maelezo, muulizeni aliye karibu nanyi. Mikeka ndiyo usiseme. Kijana aliyejeruhika nafsi, ukimwongezea na deni la kubeti, umemsukumia shimoni. Nimeona timu ya watoto, watoto! wamevaa jezi zenye tangazo la kampuni ya kubeti kifuani. Bora wacheze vifua wazi, kwa sharti kuwa suruali ziwe zimefunika magoti.

Mathare, Nairobi, tangu mwaka 1987 wana chama cha michezo cha vijana ambacho timu zake zinapata pointi pia kwa kusafisha mtaa, na pointi hizo zinaingia kwenye msimamo wa ligi. Mtaa ule una umaskini na vurugu ambazo sisi hatuzijui, na kutoka humo ikazaliwa timu ya Mathare United iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Naipenda hii ya usafi kwa sababu timu iliyofungwa mabao matano Jumamosi bado Jumapili inaweza kupata pointi kwa chepe. Hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu. Korogwe mjini mitaro ipo ya kutosha, hatuhitaji kuagiza.

Wasichana wasisahaulike. Wengi wao wameona yale yale, tena wengine wamefanyiwa. Wapewe uwanja wao, muda wao, mwalimu wao mwanamke, na stara yao. Netiboli haihitaji zaidi ya nguzo mbili na mpira. Anayesema haifai akakae kwanza na ile hadithi ya Bi Aisha.

Mtauliza yule kipa aliishia wapi. Tulimpeleka hospitali, akaonwa na daktari, akapewa dawa kwa muda. Sikuona haya kumpeleka na wala msione. Kisomo na hospitali havigombani. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu asiyejua hata sheria ya kuotea, akajitolea kukaa naye kila Jumatano. Halafu tukamwomba awafundishe udaka watoto wadogo wa chandimu, wale wa miaka minane, tisa. Hakuna mbuzi, hakuna watazamaji. Watoto wale hawakujua habari ya penalti. Wao walijua tu kwamba kaka anaweza kuruka. Sasa analala. Si kila siku, na mwezi wa mavuno hali inarudi, kwa sababu baba yake mdogo alikatwa mwezi huo. Tunaujua mwezi ule ukikaribia, tunajipanga.

Sasa nakujibu wewe kijana wa Handeni. Kabla ya jezi nitafutie mtu mzima mmoja, mwanaume mwenye subira, asiyebeti, asiyetukana, anayeweza kuja uwanjani mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima. Asijue mpira, si neno. Mwambie daftari lake liwe na jina la kila mchezaji na la mzazi wake, na asiyekuja mara mbili mfululizo aende kwao. Mazoezi yaanze baada ya Alasiri, yaishe mapema mpate kutawadha, na kabla hamjatawanyika mkae chini dakika kumi, mshinde au mshindwe. Mwenye hasira Mtume ametufundisha akae akiwa amesimama. Basi wote mkae. Ligi acheni kwanza. Msimu wa mwanzo chezeni wenyewe kwa wenyewe, mkigawana upya kila siku ili asiwepo wa upande wa huku wala wa upande wa kule. Na yule mwenzako anayetafuta panga akiona ng'ombe, usimwambie aje kucheza. Mwambie una shida ya mtu wa kukusaidia kuchora mistari ya uwanja. Kama kuna anayesema maneno ya kutaka kujiua, huyo usingoje mazoezi, siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali, Handeni au Magunga hapa Korogwe, na asiachwe peke yake njiani.

Wazee wa kamati nitawapigia mwenyewe, baina yangu na wao.

Jumamosi ijayo in shaa Allah nitakuwa Korogwe kutwa nzima. Panda gari la asubuhi, uje na huyo mtu mzima wako, tule chakula cha mchana pamoja. Mipira miwili ipo kwangu, mmoja unataka kushonwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.